Aliyelala Usimwamshe

Alfajiri, Gdańsk, theluji imeganda dirishani.
Bogumiła ainua kifuniko. Kompyuta yafumbua jicho,
yakumbuka yote, hata barua
aliyoiacha jana katikati ya sentensi,
ila waifai imeisahau.

Azima, awasha.
Achomoa ruta, ahesabu hadi thelathini kwa Kipolishi,
achomeka. Taa za kijani zamkonyeza:
mimi sina kosa, mama.

Ndani ya mipangilio, chini kabisa,
akuta alama ya vema ubavuni mwa maneno:
*Ruhusu kompyuta izime kifaa hiki, kuokoa umeme.*
Nani aliruhusu?
Aifuta.

Kisha ailaza tena, makusudi,
kiganja juu ya kifuniko kama anayepima homa.
Chai yapoa.
Aiamsha.

Mistari mitatu yapanda, na ujumbe wa Jagna
kutoka Winnipeg, wa saa tisa usiku:
*Mama, umelala?*