Nguzo ya Umeme

Usiku ule waligonga nguzo kwa jiwe,
nge! nge! nge!
na akina mama wa mtaa wakatoka na mienge,
shali mabegani, miguu pekupeku,
Imphal ikitoa mvuke wa baridi kila mdomo.
Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ghala la mchele,
mkanda mkononi, ncha yake kwenye meno,
nikingoja sindano moja ya watu wanne.
Mimi wa nne.

Memcha ndiye aliyenifunga nguzoni.
Mfumaji yule; fundo lake halifunguki kwa kuvutwa.
"Mtaje anayekuuzia unga."
Nikamtaja mwanawe.

Hakuuliza tena. Mwenge uliinama mkononi mwake,
mafuta ya moto yakanidondokea kidole gumba cha mguu.
Alama ipo. Ukitaka nitavua kiatu.

Naoba alikufa msimu wa mvua, kilo thelathini na nane.
Waosha maiti walidai glavu,
kisha wakadai pesa,
kisha simu zao zikawa hazipatikani.
Memcha akamuosha mwenyewe, nami nikashika ndoo.
Chakula cha matanga alikila mbwa,
nikakila mimi,
wakakila wanawake watatu walioingia kwa mlango wa uani.
Piga hesabu: sindano moja, wanaume wanne,
wajane watatu, na kapera mmoja
anayekusimulia.

Sisemi mtaa ulibadilika.
Ibemhal bado hunipa chai kwa kikombe cha plastiki
na hukitupa kabla sijafika getini.
Ila barazani kwa Memcha wajane walianza kukutana,
kila mmoja na kopo lake la vidonge,
wakivihesabu kwa sauti kama watu wanaodaiwa,
wakigombana nani kasahau dozi ya Jumanne.
Na siku moja yeye, miaka sitini na moja,
akaleta paja la nguruwe kutoka sokoni,
akaliweka mezani mbele yangu.
"Kuna dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga.
Mkono wako umezoea. Nifundishe kudunga."

Jana usiku nguzo ikalia.
Nge! nge!
Mwili wangu ukatangulia akili: nikajikuta juu ya ukuta,
mguu mmoja upande wa pili,
nikikimbia mwaka ambao umeshapita.
Nikashuka. Nikafuata sauti.

Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake.
Chini ya daraja, kijana, midomo ya buluu,
ndevu hata hazijakubaliana kuota.
Memcha amepiga magoti matopeni,
simu inayomulika ameing'ata kwa meno,
mkononi sindano mpya,
ya mtu mmoja.

Tukangoja.
Tukangoja tena.
Kijana akakohoa, akatutukana,
akawatukana na mama zetu, mmoja mmoja.
"Mwenye matusi ana pumzi," Memcha akasema,
akavua shali, akamzungushia kifuani,
akaifunga.
Fundo lile.
Ningelijua hata gizani.