Fundi Sakafu Atazama Nyayo

Waliniita kujenga uzio, si kutoa maoni.
Nguzo ishirini na mbili, saruji mifuko tisa,
waya utaukuta palepale, walisema,
kule chini ya Bangwe, ziwa liliporudi nyuma
likaacha jiwe limelala wazi
kama mkeka uliosahauliwa na wageni.

Nyayo kumi na moja.
Dokta Tulinave alipiga magoti, akazipitishia brashi
kama anayefuta makombo mdomoni mwa mtoto.
Za lini? niliuliza.
Akataja idadi ya miaka. Sikuweza kuibeba,
nikaitua chini pamoja na ndoo.

Lakini tope nalijua.
Miaka thelathini na minne nimelala nalo, nimelimeza,
limeninyofoa kucha za vidole viwili.
Nikasema: huyu hakupita mvua ikinyesha.
Mvua ilikuwa imekatika, jua limepiga kidogo,
sakafu imeanza kung'ata ila haijashika,
ile saa ambayo fundi hufukuza kuku
na kumtukana kila apitaye.
Tazama kisigino: ukingo umesimama, haukumeguka.
Tazama dole gumba, limezama zaidi,
hapa alitaka kuteleza, akang'ang'ania.
Na huu wa sita umelemea kushoto.
Alikuwa amebeba kitu.
Labda kuni. Labda mtu.

Dokta akaweka brashi chini.
Akaandika. Akaniuliza jina,
Bukuru, nikamwambia, wa Gungu,
akaliandika nalo, pembeni ya vipimo.

Nikaenda kuchanganya zege,
moja kwa mbili kwa nne, kokoto za Mwandiga,
Gwasa akimwaga maji kwa kopo la mawese,
na mkono wangu wa kulia ukaanza kukataa.

Maana nilikuwa na sakafu yangu.
Gungu, mwaka tulioezeka bati,
sebule, hatua nne kwa tano, niru inang'aa.
Nyandwi alikuwa na miaka mitatu.
Alitoka chumbani usingizi ungali machoni,
akavuka. Hatua saba.
Mlangoni akageuka kunionyesha alizoziacha
kana kwamba ameniletea zawadi.

Nilipiga kelele. Sikumpiga, nilipiga kelele tu.
Kisha nikatandaza ubao, nikapiga magoti,
na mwiko wangu, huuhuu,
ukapita juu ya kila kidole.
Mama yake akasema, acha basi mmoja,
ule wa mlangoni.
Nikasema, watu watatucheka.

Nilikuwa hodari. Hakuna aliyecheka.
Wageni walisifu: sakafu ya Bukuru,
hata sisimizi akipita anajiona.
Na masika yaliyofuata, ilipokuja surua,
walikaa juu yake usiku tatu
na kila aliyeinama
alikuta uso wake mwenyewe tu.

Nimeipiga magoti sakafu ile mara ngapi,
taa ya mkononi nimeilaza chini
ili mwanga upite kwa ubavu,
maana kosa la fundi huonekana kwa ubavu.
Sikuona kosa.

Ajabu ya jiwe hili si umri wake.
Ajabu ni kwamba siku ile, tope likiwa bichi,
hapakuwa na mtu mwenye mwiko.

Jua lilipoinama nyuma ya milima ya Kongo
mbuzi wa mtu akaruka waya ambao haujakazwa,
akakanyaga zege la nguzo ya kumi na tisa.
Gwasa akaokota jiwe, akainua mkono.
Nikamshika.

Tukainama wote wawili.
Kwato mbili, ukingo umesimama, haukumeguka.
Nilisawazishe, mzee? Bado bichi.
Nikamwambia osha vifaa,
anza na mwiko.