Toa Mwili, Libaki Sanduku

Shangazi Shinuna kesho anakwenda Unguja.
Shirika la ndege limempa kilo thelathini, naye ana sitini za kupeleka:
halwa ya Nizwa mabakuli matatu, tende, maziwa ya unga,
dawa ya magoti ya kaka yake,
blanketi la picha ya chui, ambalo joto la huko halilitaki
ila limeombwa kwa jina.

"Lete ile mizani yako ya chooni,"
ananiambia, kama mtu anayeazima mwiko.

Ile mizani.
Niliinunua hapa hapa Mabela, mwezi wa kuanza upya.
Kila asubuhi naipanda bila hereni,
kwanza natoa pumzi zote,
kana kwamba pumzi nayo ina mafuta.

Nina na daftari. Jumatatu: mayai mawili, chai kavu.
Jumanne: mayai mawili, chai kavu, uongo.
Jumatano sikuandika. Palikuwa na mkate wa kumimina,
na mimi peke yangu jikoni, taa ya friji
ikinimulika kama askari wa doria.
Kocha wa kwenye simu anasema wali ni adui.
Ijumaa nikamtazama adui kwenye sinia,
kapakwa zafarani, kalaliwa na mbuzi,
ndugu zangu saba wamemzunguka wanamshambulia kwa mikono,
mimi natafuna tango.

"Umekonda!" waliniambia harusini Al-Khoudh,
nikafurahi wiki nzima.
Bibi yangu angelisikia angeuliza nani kafa.
Kwake kukonda ni deni, ni homa, ni mume wa hovyo.
Kinywa ni kile kile, lugha ni ile ile;
neno hili tuligeuza lini ndani nje,
kama abaya iliyovaliwa gizani?

Sanduku likaifunika mizani, namba hazisomeki.
"Mtu alibebe apande nalo," akasema shangazi,
"kisha toa mwili, libaki sanduku.
Magoti yangu hayawezi. Panda wewe."
Pale sebuleni. Mbele ya Azza wa jirani,
aliyeniuzia chai ya kukata kitambi kwa riali kumi na mbili.

Nikapanda, nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa.
Binti yangu Thuraiya, miaka kumi na miwili, akachuchumaa:
"Mia na kumi na tisa, nukta nne.
Mama, na wewe mwenyewe ngapi?"

Azza akaangalia kucha zake.
Namba hiyo baba yake Thuraiya haijui.
Ningeweza kuipunguza nne, nimezoea,
lakini nne zikitoka kwangu zinaingia sandukuni,
na mzee wa watu atakosa dawa ya magoti.

"Themanini na nne," nikasema. "Na nusu."

Akaandika, akatoa, kama hesabu ya maharage.
"Thelathini na nne, nukta tisa."
Shangazi akafungua zipu, akalitoa blanketi la chui,
akalitazama, akalirudisha,
akatoa bakuli moja la halwa.
Zile tatu zilizobaki atambembeleza mtu wa kaunta.
"Hii imezidi," akasema, akatafuta vijiko.
Tukala. Na Azza naye, kwa kidole.
Sikuandika popote.

Usiku nikasikia mlio mdogo chooni.
Mlango haukufungwa vizuri.
Thuraiya yuko juu ya kioo, hereni ameziweka kwenye sinki,
anatoa pumzi.

Nikasimama pale, kijiko bado mkononi,
natafuta neno la kuanzia.