Mkaguzi wa Mizani Afika Moshi

Mara nne kwa mwaka nashuka stendi ya Moshi
na sanduku la mbao, zito kama mtoto aliyelala.
Ndani mna mawe ya shaba: kilo mbili, kilo, nusu, robo,
hadi kile kigramu ambacho nikipiga chafya
natambaa chini kukitafuta.
Kazi yangu ni kuviuliza vyombo ukweli.
Watu siwaulizi. Nimejifunza.

Masika nakuta mlima haupo,
na wenyeji hawautaji,
kama asivyotajwa baba mwenye nyumba
aliyeondoka bila kuaga.
Maji yanateremka na maganda ya ndizi
na kiatu kimoja cha shule.
Nyumba kuukuu za upande wa stesheni zinatoka jasho la chokaa;
juu ya mlango mmoja umechongwa mwaka,
kumi na tisa, mbili, kisha doa la kuvu.
Kila safari naujazia tarakimu nyingine.
Chini ya mwaka huo Fundi Jivraj anatengeneza mizani,
miwani imefungwa kwa uzi.
"Springi nazo zinaumwa mvua," anasema.
"Usimhukumu mtu mwezi wa nne."

Julai, ukungu unakaa mjini hadi saa nne
kama mgeni asiyeona watu wanapiga miayo.
Walinzi wamevaa makoti ya Kiborloni;
moja lina nembo ya klabu ya kuteleza barafuni.
Mbuyuni, kwa Bi Aikaruwa, muuza maharage,
niliweka kilo yangu ya shaba kwenye sahani yake,
mshale ukapita alama kwa gramu arobaini.
Anapunja.
Aliutazama mshale, akanitazama mimi.
"Hiyo mizani ni ya mama mkwe," alisema. "Naye alikuwa hivyo hivyo."
Soko zima likacheka, nami nikacheka,
kisha nikaandika,
nikaifunga kwa lakiri ya risasi.
Mchana aliniletea bakuli la mtori, hakuniangalia usoni.

Oktoba mijakaranda ilikuwa imemwaga zambarau barabarani
na mafagio hayakuwa na haraka.
Bi Aikaruwa alikuwa na mizani mpya, ya betri,
tarakimu nyekundu, haikosei hata punje.
Nikamgongea muhuri. Nikampongeza.
Mteja mmoja, mzee wa Uru mwenye kikapu,
alipimiwa kilo yake, akalipa, akabaki amesimama.
"Na konzi yangu?"
"Konzi gani, baba? Kilo si hiyo, imeandikwa."
Mzee akakunja mdomo wa kikapu polepole.
Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile
mizani ilipunguza na mkono ukarudisha,
na mkono ulirudisha zaidi,
nami katika sanduku langu
sikuwahi kubeba jiwe la kupimia mkono.

Desemba siji. Desemba mji ni wa wenyewe,
magari ya Dar yamejipanga hadi Himo,
mbuzi analia ndani ya buti.

Februari joto limekausha hata maneno.
Mlima umetoka wote, mchana kweupe,
theluji imebaki kidogo
kama chumvi kwenye ukingo wa sahani iliyolambwa.
Mlango wa Jivraj una kufuli. Kijana wa duka jirani anasema
amefuatwa na binti yake, hakusema atarudi lini.
Ameniachia bahasha: springi moja,
na karatasi, "Ya mama mkwe. Inapona."

Nilikaa nayo mfukoni hadi alasiri.
Kisha nikaenda Mbuyuni, nikaiweka mbele ya Bi Aikaruwa,
nikanunua kilo moja ya maharage kama mtu wa kawaida.
Tarakimu nyekundu zikasema moja nukta sifuri sifuri.
Nikalipa. Nikasimama.
"Unangoja nini, mkaguzi?"
Sikuwa na jibu la kiofisi.
Aliufunga mfuko mwenyewe, amenipa mgongo.

Nyumbani Korogwe mke wangu aliyamimina kwenye ungo,
akayapepeta, akayatazama.
"Kilo moja hii? Mbona yamezidi?"
Sanduku lilikuwa pale pale mezani.
Sikulifungua.