Tumebakisha Moja

Kila Alhamisi, saa tano na robo,
basi la bonde hunipakia kwenye kona ya kiwanda cha sufu
ambacho siku hizi ni makazi ya watu wenye baiskeli za bei mbaya.
Norris Sugden huwa ameshakaa, upande wa mto,
kofia magotini, daftari mfukoni,
na kikohozi chake anachokiita abiria asiyelipa.

Tulianza na baa thelathini na moja.
Masharti mawili: basi lifike,
na bia iwe hai,
ingali inapumua ndani ya pipa,
hamira ingali na kazi mkononi;
si ile ya kusukumwa na gesi,
baridi kama salamu ya mdeni.

Gesi naijua. Miaka ishirini na sita nilisoma mita
chini ya sakafu za bonde hili lote,
tochi mdomoni, magoti kwenye mawe yenye unyevu.
Baa nilizijua kwa chini kabla sijazijua kwa juu.
Pale Kondoo Aliyenyolewa, ngazi ya tatu imelegea.
Pale Mikono ya Mfumaji, chemchemi hupita ukutani
na mapipa yamejilalia kama watoto wachanga adhuhuri.

Norris aliendesha greda la theluji la halmashauri.
Yeye anakumbuka milango:
nani alimfungulia saa tisa za usiku,
nani alizima taa aliposikia injini.

Kwa Enid Thackray hakuna muziki.
Kuna saa ya ukutani inayochelewa,
moto wa makaa,
na mbwa ambaye hakuna anayekiri kuwa ni wake.
Enid huvuta mkono wa pampu mara tatu, taratibu,
kisha anaiacha glasi itulie.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema;
hawakuwahi kuketi hapa
wakaona wingu likishuka chini ya povu
na rangi ikibaki ile ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Ukiinusa: mkate ulioungua kidogo,
ganda la chungwa,
na kitu kingine ambacho tumegombania tangu mwaka juzi.
Mimi nasema udongo. Yeye anasema kamba mpya.

Tangu Machi daktari amempiga marufuku.
Basi huagiza nusu, huiinua dirishani,
huinusa amefumba macho, na kutoa hukumu:
"Enid, Jumanne mabomba hayakuoshwa."
Enid huona haya, maana ni kweli.
Kisha Norris huisukuma glasi upande wangu.
Kwa hiyo kila kituo nakunywa painti moja na nusu,
na maradhi yake yananinenepesha mimi.

Tisa zimefungwa tangu tuanze.
Moja imekuwa kliniki ya meno.
Tuliingia, tukavua kofia,
tukakaa dakika kumi kwenye viti vya kusubiri
mahali palipokuwa na meza ya domino,
mpaka binti wa mapokezi akauliza miadi yetu ni saa ngapi.

Sasa imebaki Taa ya Mchimba Mawe,
juu kabisa, basi linapogeuzia.
Norris alisema tusiende na mvua.
(Bonde hili halina siku isiyo na mvua.)
Kisha ukungu. Kisha goti.

Wiki iliyopita dereva alikuwa mgeni;
hakusikia kengele yetu, akatupandisha mpaka kule.
Akazima injini. Dakika saba, akasema.
Taa ilikuwa inawaka.
Dirishani mwanamume alipangusa kaunta,
pampu tatu mbele yake, zimesimama wima, zinangoja.
Norris alitoa daftari. Akalifungua kwenye mstari wa mwisho.
Akalirudisha mfukoni.

"Kiatu changu kinavuja," akasema.

Nikakitazama. Kilikuwa kikavu kabisa.

"Ni kweli," nikamwambia, "kinavuja sana,"
na basi likageuza.