Nyuma ya Neno

Kazi yangu ni tarakimu.
Nyuzi sitini na nne kaskazini, thelathini magharibi,
futi elfu thelathini na sita, mafuta ya saa tano na nusu.
Naandika, namrudishia rubani alichosema,
naye hujibu: sawasawa, Aislandi.
Hayo ndiyo ninayolipwa kuyasikia.

Lakini mtu akibonyeza kitufe aseme,
hafungui mdomo peke yake,
hufungua chumba kizima:
upepo ukisugua kioo kama mchanga kwenye sufuria,
kijiko kikizunguka kikombeni,
ramani ikikunjwa vibaya,
mwenzake akimalizia kicheko
ambacho mwanzo wake sitaujua kamwe.

Yupo mmoja wa mizigo, wa kila Jumatano usiku,
kuna kitu kimelegea nyuma ya kiti chake:
ti-ti, ti-ti, tii.
Mwaka wa nne huu. Fundi hajakiona,
au amekiona akakihurumia.
Jina lake silijui. Namwita Tititi,
na Sigurlaug wa meza ya pili
anajua ninayemsema.

Aliyetufunza kazi, Hallvarður, alituonya:
chujeni kelele, mshike neno.
Niliitikia. Sikutii.
Neno wote wamefundishwa, wote hulitamka sawa.
Kelele hakuna aliyewafundisha.

Sasa sikia. Februari, hapa Gufunes,
mvua ya mawe inapiga bati,
Sigurlaug ametoka kuparura barafu kwenye gari lake,
birika limeanza mluzi na hakuna wa kulizima.
Nikabonyeza, nikamsomea Tititi nyuzi zake.

Kimya. Mkwaruzo.
Ti-ti.
"Sawasawa, Aislandi. Na chai yako inachemka."

Nikakiachia kitufe kana kwamba kimeniunguza.

Kumbe naye.
Miaka yote hiyo naye alikuwa huko gizani
na kiti changu kinacholia,
na kikohozi changu cha Januari,
na labda ile Jumatano baada ya kumzika mama,
nilipokuwa nikivuta pumzi
kabla ya kila tarakimu.
Hakuuliza. Alinirudishia nyuzi zangu
polepole kuliko kawaida, nikadhani ni hali ya hewa.

Daftarini nimejaza saa, kimo, nyuzi, mafuta.
Ya chai haina safu.
Nikaenda kuzima birika.