Diski ya Sita

Saa tisa kasorobo usiku, Upper Hill.
Chumba kisicho na dirisha, baridi ya kununua,
na taa moja kati ya sita imegeuka:
kijani, kijani, kijani, njano, kijani, kijani.
Hakuna aliyepiga kelele.
Juu ya kichwa changu, wodi ya wazazi,
mtoto amezaliwa na anaandikwa jina
kana kwamba hakuna aliyekufa huku chini.

Mwaka juzi Bwana Osoro wa ununuzi aliniita.
"Nimehesabu," akasema, kalamu sikioni,
"unataka diski sita, na nafasi ni ya tano.
Hiyo moja itakula mshahara wa nani?"
Sikumjibu kwa istilahi.
Nilichukua karatasi ya mchango wa chai:
Kerubo mia, Mutinda hamsini,
mimi themanini, Lokwang sabini,
na chini kabisa, kwa wino mzito, mia tatu.
Nikamwagia maji mstari wa Lokwang.
"Huyu alitoa ngapi?"
Akatazama dari, midomo ikicheza.
"Sabini."
"Nani kakwambia?"
"Hawa waliobaki," akasema. "Na hii jumla."
Akatia sahihi. Hakucheka, lakini alitia.

Ndivyo wanavyoishi hawa sita.
Faili la mama mmoja halilali mahali pamoja;
hukatwa kama mkate uliokuta wageni wengi,
kipande huku, kipande kule,
na jumla yenyewe haina kwao:
mstari huu iko kwa huyu, unaofuata kwa yule,
asipatikane mmoja wa kujiita hazina.
Akifa mwenzao, watano hawalii.
Wanaulizana.

Nachomoa marehemu. Bado ana joto.
Natia mgeni, mfuko wake ungali unanukia kiwanda,
na hesabu inaanza:
asilimia mbili.
Asilimia mbili na nusu.

Hapa ndipo ninapoogopa.
Walinunuliwa siku moja, duka moja la Luthuli,
wamezunguka saa zilezile, joto lilelile,
na waliozaliwa pamoja huzoea kufuatana.
Usiku huu kila aliye hai anasomwa
toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mbio,
ili aeleze alichokuwa nacho mwingine.
Akianguka wa pili kabla ya alfajiri
karatasi itakuwa na mistari miwili iliyolowa,
na jumla moja haijui kugawa siri mbili.

Umeme unapepesa. Jenereta inakohoa, inashika.
Arobaini na moja.
Natafuna karanga mojamoja, nisizimalize.

Akiba haiozi, alituandikisha mwalimu wa darasa la tano.
Hakuwahi kusikia chuma kikikwaruza gizani.
Wala hakumjua Mutinda,
ambaye Januari kidole kilimteleza
akafuta kliniki nzima ya Jumanne.
Wote sita walitii papo hapo, kwa adabu,
pamoja na jumla yao.
Wanajikinga na vifo vyao,
hawatukingi sisi na mikono yetu.
Ndiyo sababu iko nakala nyingine, Nakuru,
ndani ya kabati la chuma,
na ufunguo anao Kerubo, ambaye hapotezi kitu.

Saa kumi na mbili na robo. Mia.
Kijani, mara sita.
Karani wa zamu ya asubuhi anapita mlangoni:
"Mashine zenu jana usiku zilikuwa goigoi."
Namwambia pole.

Namwandikia marehemu tarehe ubavuni,
namlaza kwenye droo na wenzake watatu.
Kisha barua kwa Bwana Osoro:
naomba diski ya saba, ikae tu,
ikiwa imewashwa, haina kazi, inasubiri.
Najua atauliza inasubiri nini.
Nitakwenda na glasi ya maji.